Bibulus, konsuli aliyejifungia ndani

Kila nikifundisha mwaka 59 KK, darasa humcheka mtu mmoja: Marcus Calpurnius Bibulus. Roma ilikuwa na makonsuli wawili kwa mwaka, yaani watawala wakuu, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake. Mwaka huo, konsuli mmoja alikuwa Julius Caesar, wa pili huyu. Watani wa mjini wakawa wanasema ni ukonsuli wa Julius na Caesar.

Maskini, alishazoea. Mwaka 65 KK waligharamia michezo ya umma pamoja, sifa zote akazoa Caesar. Bibulus mwenyewe alilalamika kwamba yeye ni kama Pollux: hekalu ni la miungu mapacha, Castor na Pollux, lakini watu huliita la Castor tu.

Caesar alipopeleka mswada wake wa ardhi kwa wananchi, Bibulus alikwenda kuupinga. Akamwagiwa kapu zima la samadi kichwani, na fimbo za heshima walizobeba wapambe wake zikavunjwavunjwa. Akarudi nyumbani, akajifungia mpaka muhula ukaisha.

Wengi humwita mwoga. Mimi sikubali. Konsuli akitangaza kwamba anaangalia ishara za mbinguni, kura haikupaswa kupigwa siku hiyo. Na Bibulus alituma tangazo hilo kila Caesar alipoitisha mkutano. Caesar alipuuza, sheria zikapita, ila zikabaki na doa: mwaka uliofuata mapretori wawili, maofisa wa ngazi ya chini ya konsuli, walitaka seneti, baraza kuu la Roma, izichunguze. Isitoshe, mabango ya Bibulus ya kumkashifu Pompey, jemadari aliyekuwa mshirika wa Caesar wakati huo, yaliwavutia watu hata njia ikazibika, anasema Cicero, mwanasiasa wa zama hizo.

Ubishi huo wa kisheria hakuuacha. Mwaka 50 KK, akiwa gavana wa Syria, wanawe wawili waliuawa Misri na askari wa Kirumi waliobaki huko. Inasimuliwa kwamba Cleopatra, malkia wa Misri, alimpelekea wauaji wakiwa wamefungwa pingu, naye akawarudisha: kuwaadhibu ni kazi ya seneti.

Kisha ikaja vita kati ya Caesar na Pompey, ambao sasa walikuwa maadui, na Bibulus akawa upande wa Pompey. Mwaka 48 KK aliongoza meli za Pompey, Caesar akamponyoka na kuvuka bahari ya Adriatic. Kwa hasira Bibulus alizinasa meli kama 30 zilizokuwa zikirudi tupu, akazichoma moto pamoja na mabaharia waliokuwamo. Hapo simtetei. Baridi na uchovu vikamwangusha. Hakuweza kutibiwa nchi kavu, wala hakutaka kuacha zamu yake, akafa baharini.