Mtawanyiko wa spishi, na vyura wanaotambuliwa kwa masikio

Mtawanyiko wa kijiografia wa mnyama ni eneo lote ambamo spishi yake huishi na kuzaliana yenyewe porini. Kwenye ramani huonyeshwa kwa njia mbili. Kuna nukta, kila moja ikiwa mahali ambapo mtu alimwona au kumsikia mnyama huyo siku fulani. Kuna pia rangi iliyopakwa juu ya eneo zima. Nukta ni ushahidi; rangi ni makisio yaliyojengwa juu yake, ingawa vitabuni hiyo rangi ndiyo tunayoiamini zaidi.

Vyura wa mitini wa kijivu, wanaoishi mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada, wanaonyesha vizuri jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Ni wadogo, wengi sentimita 3 hadi 5, na ngozi yao hubadilika kutoka kijivu hadi kijani. Chura akitulia kwenye gome la mti, unaweza kupita karibu yake usimwone. Akiruka ndipo rangi ya njano inayokaribia chungwa hujitokeza ndani ya mapaja.

Kujificha kwao kunavumilika. Kinachosumbua ni kwamba ni spishi mbili, Hyla versicolor na Hyla chrysoscelis, na kwa macho hazitofautiki. (Wataalamu kadhaa siku hizi huziita Dryophytes badala ya Hyla.) Chrysoscelis ana kromosomu 24 (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), versicolor ana 48, yaani seti nne badala ya mbili. Hilo la seti nne lilitangazwa mwaka 1970. Kwa hiyo rekodi nyingi za kabla ya hapo zinatuambia tu kwamba chura wa kijivu alikuwepo, bila kusema ni yupi. Kielelezo cha zamani, yaani chura aliyekusanywa na kuwekwa kwa ajili ya utafiti, kikiwa bado kimehifadhiwa vizuri, seli zake zinaweza kupimwa chini ya hadubini, maana za versicolor ni kubwa zaidi.

Porini, dume hujitambulisha kwa mlio. Wote wawili hutoa mfululizo wa mapigo mafupi ya sauti, lakini katika joto lilelile mapigo ya chrysoscelis huenda kasi karibu mara mbili, na sauti yake hukwaruza kama cherehani inayokanyagwa kwa haraka. Tatizo ni hayo maneno "katika joto lilelile". Baridi hupunguza kasi ya mlio, hivyo chrysoscelis wa usiku wa baridi anaweza kumkaribia versicolor wa usiku wa joto. Rekodi ya sauti isiyoambatana na kipimajoto ina kasoro, hata ingekuwa safi namna gani. Picha iliyopigwa kwa simu nayo haisaidii sana: kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe ili vitambuliwe, picha nyingi huishia kwenye jina la kundi linalobeba spishi zote mbili.

Ndiyo maana ufuatiliaji wenyewe hufanyika gizani. Katika jimbo la Wisconsin, tangu miaka ya 1980, watu wa kujitolea huendesha gari kwenye njia maalumu yenye vituo 10, wakazima injini na kusikiliza dakika 5 katika kila kituo. Huandika 1 kama milio haigongani na madume yanaweza kuhesabiwa, 2 kama inaingiliana kiasi, 3 kama ni kwaya nzima isiyokatika. Njia hiyohiyo hurudiwa mara tatu kati ya masika na kiangazi cha huko, kwa sababu kila spishi ina wakati wake wa kuita.

Kurudia huko kuna sababu nyingine. Kimya hakithibitishi kwamba chura hayupo. Huenda kulikuwa na upepo, baridi, au mvua haijanyesha. Wachambuzi hukadiria kwanza uwezekano wa chura aliyepo kusikika katika ziara moja, kisha ndipo huamua idadi ya ziara zinazotosha kabla ya kuliacha eneo wazi kwenye ramani.

Katika jimbo la New Jersey mambo haya yaligusa sheria. Chrysoscelis huko hupatikana kusini tu, maeneo kama Cape May, na aliwekwa kwenye orodha ya jimbo ya wanyama walio hatarini kutoweka, wakati versicolor hakuwekwa. Mahali spishi hizo zinapokaribiana, kutambua mlio wa dume mmoja kuliweza kuamua kama bwawa lilikuwa na mnyama aliye kwenye orodha hiyo au la.