Mgeni ndani ya laptopu anahitaji leseni yake

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma alinijia na laptopu ya mtumba. Baada ya shikamoo akaigeuza, akanionyesha kibandiko cha Windows kilichofifia. "Mwalimu, leseni si hii hapa? Na ile Windows niliyoweka ndani ya VirtualBox si inaingia humu humu?"

Haiingii.

VirtualBox ni programu inayounda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Kwenye maabara kompyuta yenyewe tunaiita mwenyeji, na mfumo endeshi unaokaa ndani ya mashine pepe tunauita mgeni. Mwenye nyumba kuwa na hati hakumfanyi mgeni awe nayo. Masharti ya Windows 10 na 11 yanahesabu hivi: leseni moja, nakala moja, kifaa kimoja, kiwe cha kushikika au cha pepe. Mashine pepe tatu ni leseni tatu, hata kama zote zinagombania RAM ileile ya GB 8. Tena leseni ya OEM, yaani iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani, imefungwa kwenye laptopu hiyo. Ukifuta Windows ukaweka mfumo endeshi mwingine kama Ubuntu, bado huwezi kuihamishia kwenye mashine pepe. Hapo ndipo vijana hunibishia sana. Iliyonunuliwa rejareja inahamishika, mradi uitoe kwanza ilikokuwa.

Zile za kuchakachua zinazouzwa kwenye flashi sitazizungumzia sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Microsoft ni wakarimu zaidi: Windows Server ya majaribio inakaa siku 180, Windows Enterprise siku 90. Muhula unaisha Server ingali hai. Muulize pia mhusika wa TEHAMA chuoni kwako kama chuo kimejiunga na Azure Dev Tools for Teaching, mpango wa Microsoft kwa ajili ya vyuo. Huko mwanafunzi hupata funguo halali, ila ni za kujifunzia. Ukifungua stesheni pale Sabasaba ukaanza kuchapia wateja kwa funguo hizo, umeshatoka darasani.

Nyumba ya mgeni, yaani programu inayounda mashine pepe, nayo ina masharti. VirtualBox yenyewe ni huria, lakini Extension Pack yake, yaani kifurushi cha nyongeza, ina leseni tofauti: kwa matumizi binafsi na masomo ni bure, kwa ofisi hapana. VMware Workstation Pro, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, imekuwa bure kwa wote tangu Novemba 2024. Na macOS? Apple wanaruhusu nakala mbili za ziada kwenye mashine pepe, juu ya kompyuta ya Apple tu. Mwenye HP asahau.

Yule kijana tulimwekea Server ya majaribio, na Debian, mfumo endeshi huria, pembeni yake. Ya Server alishusha mwenyewe kwa bando la usiku. Debian ninayo kwenye flashi ofisini. Njooni mnakili, leseni yake inaruhusu.