Mishipa ya moyo na dawa yenye iodini: je, kuna mbadala?

Kwa nini dawa hii hutumika?
Damu haionekani kwenye eksirei. Daktari hupitisha katheta, mrija mwembamba, kuanzia mkononi au kwenye nyonga hadi mishipa ya moyo, kisha huingiza dawa yenye iodini. Hapo ndipo palipoziba huonekana.

Nani awe na tahadhari?
Mwenye figo dhaifu, hasa akiwa na kisukari, na aliyewahi kudhurika na dawa yenyewe. Mwenye mzio wa kamba au samaki asiogope: mzio huo hutokana na protini, si iodini.

Gesi ya kaboni dayoksaidi haifai badala ya iodini?
Kwenye mishipa ya miguu inafaa. Kwenye moyo, hapana: gesi inaweza kuzuia damu isipite, au kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Gadolinia, dawa inayotumika kwenye picha za MRI, nayo huonekana hafifu kwenye eksirei, na kwa wenye figo zilizochoka sana baadhi ya aina zake zimehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo. Kwa hiyo dawa ya kuchukua nafasi ya iodini moja kwa moja ndani ya moyo, kwa sasa hatuna.

Basi mwenye figo mbovu afanyiwe nini?
Dawa ipunguzwe, na inaweza kupunguzwa sana. Kipimo kidogo cha ultrasaundi huingizwa ndani ya mshipa wenyewe. Kinaonyesha ukuta wake, mafuta yaliyoganda, na upana na urefu wa stenti (kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi) inayohitajika. Waya wa kupima shinikizo la damu husaidia kujua kama palipoziba panahitaji stenti kweli. Shinikizo la baada ya palipoziba hugawanywa kwa lile la kabla yake; jibu la 0.80 au chini yake huashiria kwamba damu haifiki ya kutosha. Nyaya nyingine huachwa kwenye matawi ya mshipa ziwe alama, na picha zilizopigwa awali hutumika kama ramani. Kwa njia hii wapo waliowekewa stenti bila tone la dawa hiyo. Inahitaji timu yenye uzoefu, na si kila mshipa unafaa.

Mgonjwa aulize nini?
Figo zangu zinafanya kazi kiasi gani? Nitawekewa dripu ya maji? Metformini (dawa ya kisukari) na dawa za maumivu kama ibuprofeni nisimamishe lini? Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, irudiwe saa 48 hadi 72 baadaye. Lakini ukiwa kwenye shambulio la moyo, tafadhali usikatae matibabu kwa kuhofia figo: msuli wa moyo unakufa kila dakika mshipa unapobaki umeziba.