Spishi ya kobe wa nyumbani: hutambuliwaje?

Kutambua spishi ya kobe ni kujua yule aliyeko uani kwako ni wa jamii gani hasa, maana kila jamii ina umbile lake, chakula chake na mahali inapoishi. Ukisema "kobe" tu, hujajibu. Duniani kuna spishi zaidi ya 40 za kobe wa nchi kavu. Anayeokotwa vichakani Malindi kwa kawaida ni mmoja wa wachache mno, kwa hiyo kazi yenyewe si ngumu kama inavyosikika.

Watu wa pwani wana ujuzi huu tayari, ila kwa upande wa bahari. Mvuvi wa Lamu hachanganyi kasa na ng'amba. Ng'amba ana mdomo uliochongoka, na vigae vya mgongo wake vimelaliana. Vya kasa wa kawaida vimekaa ubavu kwa ubavu. Kobe wa nchi kavu naye husomwa kwa vigae vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hatuna mazoea ya kumwinamia.

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Rangi hufifia kwa umri, gamba likasuguliwa na mchanga na miiba hadi likawa la kijivujivu tu. Ukubwa nao hudanganya: kobe wa kiganjani anaweza kuwa mzima wa spishi ndogo au mtoto wa spishi kubwa. Vigae vilivyoinuka vilima vilima mara nyingi ni alama ya malezi mabaya, hasa ukavu na chakula kisichofaa utotoni. Na tumbo lililobonyea ndani linakwambia kwamba ni dume, basi.

Kwanza hakikisha ni kobe wa nchi kavu. Huyu hurudisha kichwa ndani moja kwa moja, na miguu yake haina utando. Kobe wa madimbwi wa huku kwetu hukunja shingo ubavuni.

Kisha tazama ukingo wa gamba juu ya shingo, katikati kabisa. Je, kuna kigae kimoja kidogo pale mbele? Kobe mkubwa mwenye madoa, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, hana kigae hicho. Pale pana pengo tu. Gamba lake ni la juu, limeviringana, rangi ya majani makavu yenye mabaka meusi. Huyu ndiye anayefugwa sana, na akikua hufika sentimita 40 hivi.

Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa gamba kuelekea nyuma. Ukigusa mshono unaokata gamba la mgongo kwenye theluthi ya mwisho, umempata kobe wa jenasi ya Kinixys (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu). Mshono huo ni bawaba kama ya mlango: akishtuka, sehemu ya nyuma hushuka ikafunika mkia na miguu ya nyuma. Kwangu mimi hakuna alama tamu kuliko hii, ila ina mitego miwili. Watoto wake hawana bawaba. Hujitokeza wakikua, kwa hiyo mdogo asiye na mshono usimtoe kwenye orodha haraka. Pili, baadhi ya kobe wa majini, wale wa jenasi ya Pelusios, wana bawaba pia, lakini yao iko kwenye gamba la tumbo, upande wa mbele.

Kujua ni Kinixys yupi hasa ni shughuli nyingine. Mwaka 2012 wataalamu walichunguza DNA ya hawa waliokuwa wakiitwa wote Kinixys belliana, wakaona ni zaidi ya spishi moja. Wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki sasa huitwa Kinixys zombensis. Ukifika kwenye jenasi bila maabara, umefanya vya kutosha.

Kobe bapa, Malacochersus tornieri, hana mjadala: gamba lake ni jembamba, linabonyea kidogo, na akiona hatari hukimbilia mwanya wa mwamba. Ni wa bara, kwenye vilima vya mawe. Ukimkuta Malindi, kuna mtu aliyembeba.

Na yule kobe wa Mombasa aitwaye Mzee, aliyefanya urafiki na kiboko Owen aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004? Huyo ni kobe wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, na dume la spishi hiyo linaweza kupita kilo 200. Si wa misitu yetu, hata kama watoto wetu wanamjua kuliko wote.

Jina likikosewa, chakula nacho hukosewa. Kobe mwenye madoa ni mla nyasi na majani. Ukimjaza ugali na nyanya kila siku utamharibu. Wa bawaba hula uyoga, konokono na jongoo pamoja na majani, na hupenda kivuli chenye unyevu. Kumwacha kwenye ua wa saruji juani ni kumkaanga.

Kuna na sheria. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumweka mnyama wa porini nyumbani kunahitaji kibali, na kobe bapa amewekwa tangu 2019 kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Basi usimwokote. Aliyeko uani tayari, usimpeleke tu msitu wa Arabuko-Sokoke ukamwachia: anaweza kuwa si wa hapo, au akawaambukiza walio wa hapo. Wasiliana na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiwa na picha ya mgongo kutoka juu, ya tumbo, na ya ubavu inayoonyesha ukingo wote kuanzia shingoni hadi mkiani, rula ikiwa kando.