Hapana, kuzamia kutoka ufukweni si "kwa wanaoanza"

Nimeulizwa tena, pembeni mwa bwawa hapa Nairobi, mwanafunzi hata hajavua mapezi: "Mwalimu, kwani lazima boti? Sisi wageni si tungeingia tu kutoka bichi, boti tuwaachie wazoefu?" Alikuwa ametazama video za Bonaire. Watu wanaegesha pikapu kando ya jiwe lililopakwa rangi ya njano, wanabeba mitungi, hatua chache tu, wamezama. Pale bwawani nilijibu kwa upole. Hapa upole utapungua.

Bonaire wana bahati ya jiografia. Ni kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi. Upepo wake huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na sehemu nyingi za kuzamia ziko upande wa magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinaukinga upepo. Mwamba wa matumbawe unaanza karibu kabisa na nchi kavu halafu unateremka. Tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata mita 1. Dahab kule Misri pia ni hivyo: unatembea, unaingia, matumbawe haya hapa.

Sasa simama Diani, kwenye pwani yetu ya Kenya. Ule mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka kule mbali ndio mwamba, na unachotaka kukiona kiko ng'ambo yake. Kati yako na mstari huo kuna mchanga, majani ya bahari, na maji ambayo saa hii ni ya magoti na jioni yatakupita kimo. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji Mombasa inapita mita 3. Maji yakipwa, utatembea na mzigo wa kilo ishirini na kitu mgongoni juu ya mawe yaliyojaa wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu. Yakijaa, utaogelea mbali hadi upoteze hamu, kisha uvuke mawimbi. Boti ya Diani au Watamu si anasa ya matajiri. Ndiyo njia ya kufika.

Lakini hilo halinikeri sana, maana mtu wa bara hawezi kuujua mwamba ambao hajauona. Kinachonikera ni imani kwamba maji mafupi ni maji rahisi.

Tulizeni akili hapa. Ukipanda kutoka mita 30 hadi 20, shinikizo linashuka kutoka ba 4 hadi 3 (ba ni kipimo cha shinikizo), na hewa iliyo ndani ya jaketi lako la kuelea inatanuka kwa thuluthi moja. Ukipanda kutoka mita 10 hadi juu, hewa hiyo inakuwa mara mbili. Mita zile zile kumi! Ndiyo maana anayeanza anatulia vizuri kwenye mita 15, kisha akifika mita 3 anapanda juu kama boya huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye nimemsukuma. Na mapafu nayo yanafuata hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo usizuie pumzi eti kwa sababu unaiona jua.

Ongeza mtungi. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa ba 200 una zaidi ya kilo 2 za hewa. Ukibaki na ba 50, sehemu kubwa ya uzito huo umeshaupumua, na mtungi wenyewe sasa unataka kuelea. Anayerudi ufukweni anakutana na haya yote pamoja: mtungi mwepesi, maji ya mita 2, wimbi linalomvuta mbele na nyuma, miguu iliyochoka. Mwongozaji mzuri atamwongezea kipande cha uzito kabla ya kuanza. Wengi hawafanyi hivyo.

Tena ukizamia kutoka ufukweni, mlango wa kutokea ni mmoja na haukufuati. Mkondo ukikupeleka kusini, hiyo ni kazi yako na dira yako, na hewa ya kurudi uwe umeiweka akiba tangu mwanzo. Kwenye boti, nahodha anafuata mapovu, unapandisha boya la ishara, anakuja ulipo. Ukitaka kujua safari ipi ni rahisi, usiniulize utaingiaje. Niulize utatokaje.

Boti nayo ina maudhi yake. Kichefuchefu, moshi wa injini, kujipindua kinyumenyume kutoka botini kuingia majini, jambo ambalo kila mtu analiogopa bila sababu. Cha kuogopa kweli ni ngazi: boti inapanda na kushuka na wimbi, ngazi inapiga maji kwa kishindo. Shika kamba, subiri ishuke, vua mapezi mwishoni, na kamwe usielee chini ya mwenzako anayepanda. Mtungi ukimponyoka, utakuangukia wewe.

Je, nimewahi kuwapeleka wanafunzi upande wa ndani wa mwamba, kati yake na bichi, kutoka ufukweni, maji yakiwa yamejaa? Ndiyo, na hapo sina msimamo mmoja. Walimu wengi hupenda kuanzia hapo kwa sababu hakuna kina cha kutisha. Mimi naona mwanafunzi anahangaika kukaa chini, haoni kitu kwa vumbi la mchanga, anaondoka akidhani bahari yote ndiyo ile. Mwenye hofu kubwa bado nitampeleka hapo. Wengine, siku hizi, nawapandisha boti.

Halafu kuna hili la watu wetu wa Nairobi: "Nilizamia ufukweni tu, na narudi kwa treni ya SGR, si ndege." Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kuruka kwenye ndege ambayo shinikizo lake la ndani ni sawa na kimo cha mita 600 hadi 2,400. Uliandikwa kwa ajili ya ndege, lakini naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ukiwa chini ya maji, ambayo inaweza kugeuka mapovu shinikizo la hewa likishuka, haikagui tiketi. Kusema kweli, aliyekaa dakika 40 kwenye mita 3 na aliyeshuka mita 28 mara mbili hawafanani hata kidogo, na kwa yule wa kwanza naona saa 12 ni nyingi. Hata hivyo namwambia asubiri, kwa sababu sina namba nyingine ninayoweza kuitetea.

Kwa hiyo ukizama mara mbili Jumapili na kutoka majini saa nne asubuhi, saa zako 18 zinaisha saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Treni ya Jumapili mchana haikufai. Omba ruhusa kazini, au mbizi ya mwisho iwe Jumamosi.