Lenzi ya bandia ilivyorudi mahali Ridley alipoiweka

Mtoto wa jicho humpa mpasuaji kazi mbili: kuitoa lenzi iliyoingia ukungu, kisha kuliwezesha jicho kuona bila hiyo lenzi. Kwa karne nyingi waganga waliisukuma lenzi kwa sindano mpaka ikadondoka nyuma ya mboni, na jicho mara nyingi likaharibika kwa uchochezi (wekundu na uvimbe wa ndani) au presha. Jacques Daviel wa Ufaransa ndiye aliyeanza kuitoa nje kupitia mkato wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, mwaka 1747. Kazi ya pili ikabaki vilevile miaka 200. Mgonjwa alipewa miwani minene ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) +10 hadi +12, inayokuza picha kwa robo au zaidi. Aliyepasuliwa jicho moja tu hakuweza kuivaa, kwa sababu ubongo hauunganishi picha mbili za ukubwa tofauti.

Tarehe 29 Novemba 1949, daktari wa macho Mwingereza Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki katika hospitali ya St Thomas', London. Alitumia Perspex kwa sababu vipande vya plastiki ya aina hiyo kutoka kwenye ndege za kivita vilikuwa vimekaa machoni mwa marubani bila kuleta uchochezi mkubwa. Husimuliwa sana habari za marubani. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni mahali alipoiweka: nyuma ya airisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni), ndani ya mfuko wa lenzi ya asili. Alichokosea ni nguvu. Aliiga mviringo wa lenzi ya asili, ilhali plastiki hupinda mwanga zaidi, na mgonjwa wa kwanza akahitaji miwani ya dayopta −18 pamoja na astigmatizimu (mpindo usio sawa wa jicho) ya −6. Isitoshe, lenzi ilikuwa nzito na haikuwa na mikono ya kuishikilia, hivyo baadhi zilitumbukia nyuma ya jicho.

Badala ya kurekebisha uzito na mshiko, wenzake wakahamisha lenzi. Kuanzia 1953 Strampelli aliiweka mbele ya airisi. Ni rahisi kuipachika pale, lakini iko karibu mno na konea, ambayo seli zake za ndani zikifa hazizaliwi upya. Konea ikavimba na kuwa nyeupe. Binkhorst akaibana kwenye airisi yenyewe, nayo airisi haitulii, hujikunja na kukunjuka kila mwanga unapobadilika. Mwaka 1977 Steven Shearing alitoa lenzi nyepesi yenye mikono laini, ikakaa nyuma ya airisi. Ridley alikuwa sahihi.

Nguvu nayo ikapata hesabu. Fomula ya SRK (herufi za majina ya waliobuni) ya 1980 husema nguvu ya lenzi ni: A − 2.5L − 0.9K, ambapo A ni namba ya aina ya lenzi. Jicho lenye urefu (L) wa mm 23.5 na nguvu ya konea (K) ya dayopta 43.5, kwa lenzi yenye A ya 118.4, linahitaji dayopta 20.5. Kosea urefu kwa mm 1 tu, kwa mfano kwa kuikandamiza konea na kipimio, na mgonjwa ataishia na kosa la dayopta 2.5 hivi.

Daktari Charles Kelman alianza kuvunja lenzi yenye ukungu kwa mawimbi ya sauti mwaka 1967, kupitia mkato wa mm 3. Kichekesho ni kwamba lenzi ya plastiki ngumu ilihitaji mm 6, kwa hiyo mkato ulipanuliwa tena mpaka lenzi za kukunjwa zilipokuja miaka ya 1980.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutumia njia ya handaki, isiyotaka mashine ya mawimbi ya sauti. Mkato wa mm 6 hadi 7 huanzia kwenye weupe wa jicho, karibu mm 2 nyuma ya konea, kwa kina cha nusu ya unene wa weupe huo, kisha kisu huchimba mbele hadi mm 1 au zaidi ndani ya konea angavu. Presha ya jicho lenyewe huubana mdomo wa ndani, kwa kawaida bila mshono. Ukichimba juujuu, paa la handaki hutoboka. Ukizamisha mno, unaingia ndani mapema, airisi inachomoza na jeraha halijifungi.

Mgonjwa akirudi baada ya miaka miwili akisema mtoto wa jicho ameota tena, tazama ukuta wa nyuma wa mfuko. Seli zilizobaki hutambaa juu yake na kuufanya ukungu. Leza ya YAG (aina ya leza ya kupasulia) huutoboa katikati kwa dakika chache, baada ya kupanua mboni. Panga milipuko nyuma kidogo ya lenzi, la sivyo plastiki inapata madoa yasiyofutika.