Makaburu hawakuwa na jamhuri mbili tu

Wengi tunajua kwamba Makaburu kule Afrika Kusini walikuwa na jamhuri mbili, Transvaal na Orange Free State, basi. Hizo ndo zilidumu mpaka 1902, ila zilikuwepo na vijamhuri vya muda mfupi kama Natalia, 1839 mpaka 1843, Waingereza wakaichukua, halafu Stellaland, mji mkuu Vryburg, ilianza 1882 ikafa 1885, na hii ilikaa kwenye ardhi ya Watswana, watu walikuwepo pale jamani, hilo lisisahaulike. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe tafuta ramani ya mwaka 1884 uilinganishe na ya 1890, au angalia stempu za zamani, Stellaland ilitoa zake kabisa, jina limeandikwa.